Wimbo Huu Alipewa Nani?

Jafar Ramathan hakuwa na shahada ya chuo. Hakuwa na ofisi, ila chumba kimoja cha kupanga pale Mengo, nyuma ya duka la kukata vioo, ambacho mlango wake aliufunga kwa mnyororo wa baiskeli. Hakuwa na kiti chenye mgongo. Hakuwa na mtoto wa kiume serikalini, wala mkwe jeshini, wala mtu wa kumpigia simu mambo yakimharibikia. Hakuwa na magego upande wa kushoto. Hakuwa na subira na wavivu. Na hakuwa na tumbo la kustahimili uchafu: tangu utotoni, akimwona mtu anapangusa kamasi kwa kiganja kisha anamega mkate, aliondoka mkekani na njaa yake.

Upungufu huo wa mwisho ndio uliomponza katika kazi ya kitabu cha nyimbo.

Ilianza kama kazi safi. Kanisa moja la Wakongo huko Kisugu, watu waliokimbia vita vya mashariki na sasa wanauza vitenge, samaki wakavu na sombe, yaani majani ya muhogo, lilitaka nyimbo zake zipigwe chapa. Jafar alikuwa Mnubi na Mwislamu, lakini mikono yake ilikuwa imepanga maneno ya kila dini. Alianza ujanani na herufi za risasi katika kiwanda cha chapa. Risasi ilipopitwa na wakati, wenzake walienda kukaa barazani kucheza bao la mweso. Yeye alijiandikisha darasa la jioni, akaketi kati ya watu wa rika la binti yake Jalia, akajifunza kompyuta. Mwalimu alipomwita Jajja, yaani babu, kwa heshima, alimjibu, "Hapa mimi ni mwanafunzi. Nisahihishe kama wengine."

Katika kanisa lile, mtu hakutunga wimbo. Alipewa. Alipewa ndotoni, au katika kufunga, au njiani akikimbia na godoro kichwani. Na kila mara kabla wimbo haujaanza, kiongozi wa kwaya aliuliza, "Wimbo huu alipewa nani?" na watu wote walijibu kwa sauti jina la aliyepewa. Watoto waliyajua majina hayo kabla ya kujua kuhesabu. Hakuna aliyenyamaza, maana kunyamaza kulikuwa sawa na kusema kwamba Mungu hakutoa.

Aristide, katibu wa kanisa, mwanamume mwembamba aliyekubaliana na kila mtu aliyezungumza naye mwisho, alikuwa amekwisha kuzichapa nyimbo zote katika faili la XML. Humo kila kitu kimefungwa kati ya alama mbili zinazosema ni nini: huu ni ubeti, hiki ni kiitikio, hili ni jina la aliyepewa, hii ni sifa yake, kama vile ni mama au baba wa nani. Faili la namna hiyo halina sura. Ni bwana harusi aliyekwisha kuoga lakini bado hajavaa. Nguo zake zimo katika faili la pili, laha ya mtindo, ambalo ni kanuni tupu: ukikuta ubeti, upange hivi, ukikuta jina, liweke kwa herufi za mlazo chini ya kichwa cha wimbo. Kisha programu huyachukua mafaili hayo mawili na kutoa kurasa. Jafar alitakiwa kuandika kanuni, na kukipanga kihariri chake cha msimbo, programu ya kuandikia kanuni hizo, ili ugeuzaji wote ufanyike kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Mara ya kwanza programu ilikataa, ikadai faili halipo. Faili lilikuwapo, lilikuwa linamkodolea macho. Kosa lilikuwa kwenye kabrasha: Aristide aliliita "Nyimbo Zetu", maneno mawili, na programu ilisoma neno la kwanza ikalitupa la pili. Jafar aliifunga anwani nzima ndani ya alama za kunukuu. Mara ya pili kurasa zilitoka, lakini majina ya Kikongo yalikuwa yamejaa takataka, kila Emérence na kila Exaucée kama mtu aliyekanyagwa usoni, kwa kuwa faili lilihifadhiwa kwa mfumo wa zamani wa herufi. Alilihifadhi upya. Ndipo kurasa zikatoka safi, beti zimenyooka kama askari wa kikosi alichopigania babu yake.

Kando ya kila kanuni aliandika maelezo kwa Kiswahili: hapa ndipo jina la aliyepewa linapotokea, hapa ndipo sifa yake. Hakutaka kazi yake iwe uganga.

"Papa Jafar," Aristide alisema akibonyeza kitufe tena na tena, "hii sasa hata mlevi anaweza."

"Kazi nzuri ndivyo ilivyo. Mbaya ndiyo inayomtaka mwenyewe awe karibu."

Bahasha ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa shati la Aristide, imefungwa kwa gundi. Jafar alimuuliza mbona anatembea na barua bila kuifungua.

"Ah, hii ni ya Kusanyiko, watu wote wa kanisa. Haifunguliwi mpaka Jumapili, mbele ya watu, halafu naisoma yote. Miaka ya kwanza barua zilikuwa zinaleta habari za waliopotea. Nani yuko kambi gani, nani amekufa. Watu waliapa hakuna mtu atakayezifungua pembeni. Hata Pasta haruhusiwi."

"Na ndani mkiwa na upumbavu?"

"Tunausoma upumbavu wote, Papa. Mwaka jana nilisoma barua ya mtu anauza dawa ya panya. Mpaka namba ya simu. Watu wakasema amina." Alicheka. "Lakini lazima iwe imefungwa. Ikija wazi, hiyo ni karatasi tu, Pasta anaiweka mfukoni."

Siku chache baadaye, mwanamke mmoja alikuja chumbani na beseni la sombe kichwani. Alilitua nje, akapangusa mikono kwa kitenge mpaka vidoleni, ndipo akaingia. Alikuwa Mama Emérence. Jafar alilijua jina lake kwa sababu nyimbo nyingi nzuri humo zilikuwa zake.

"Papa Jafar, naomba swali moja. Jina yangu iko mule?"

"Limo, mama."

"Nionyeshe. Miye sikusoma, lakini nionyeshe tu, nitashika umbo yake."

Jafar alifungua wimbo uitwao "Umenipokea Njiani". Chini ya kichwa kulikuwa na maneno: Emérence, mama wa Exaucée. Mwanamke alinyoosha kidole karibu na kioo cha kompyuta bila kukigusa.

"Hii ndiyo miye?"

"Ndiyo."

"Na hii ingine, ndefu?"

"Exaucée."

Kidole kilibaki hewani. "Alibaki njiani, mbele ya kufika mpaka. Tulimfunika na mawe, watu walikuwa wanakimbia. Sijue tena ni mlima gani. Wimbo ulikuja palepale, nikaimba nikitembea. Huyu mtoto hana kaburi, hana karatasi ya kuzaliwa, hana ya kufa. Iko pale tu, Papa. Pale kwa hiyo laini. Usiiangushe."

"Haitaanguka," Jafar alisema. "Programu haina usingizi."

Mwanamke alimwachia fungu la sombe mlangoni, akakataa kurudishiwa.

Pasta Hippolyte naye alikuja, na hakupangusa mikono. Aliingia na mchomo wa mbuzi umefungwa katika gazeti, mafuta yakiwa yamepenya mpaka kwenye picha za wanasiasa. Aliuweka juu ya meza, kando ya kibodi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na unyuzi wa nyama ulikuwa umekwama kati ya meno yake ya mbele. Ulitikisika kila alipotamka neno.

"Papa Jafar! Mwalimu wa wazee! Karibu nyama."

"Nimeshiba, Pasta."

"Mnubi anakataa mbuzi? Dunia imeisha." Alimega, akatafuna, akalamba kidole, kisha akakibandika kidole hicho kwenye kioo, juu ya jina la Emérence. Kilipoondoka, kiliacha duara la mafuta. "Haya majina. Toa."

"Yapi?"

"Yote. Utukufu ni wa Bwana."

Jafar aliwaza kidogo. Vitabu visivyo na majina vipo, na si dhambi. "Kama mmeafikiana na watu wenu wote, naweza kuyaficha."

"Watu wangu wanaafikiana nami, hiyo ndiyo kazi yao. Ila pakibaki wazi patakuwa pabaya. Weka langu."

"Mahali gani?"

"Kila mahali."

"Nyimbo zote hizi ulipewa wewe?"

"Walipewa kondoo wangu. Wewe mtu mzima, niambie: maziwa ni ya ng'ombe au ni ya mwenye ng'ombe?" Alicheka kwa nguvu, na kipande kidogo kilicholowa kikaruka kikatua kwenye kibodi. Jafar alikitazama. Kilitua juu ya kitufe kilekile cha kugeuzia.

"Na huu wa Mama Emérence?"

"Huo hasa! Wageni wa ng'ambo waliusikia, wakalia. Wanarudi kwa ajili ya uzinduzi. Niwaambie umetoka kwa mwanamke aliyesimama ibadani kuniuliza mchele wa msaada ulikwenda wapi? Kwaya ameshaiacha."

"Ameiacha?"

"Alionyeshwa mlango. Ni sawa na kuiacha."

"Mchele ulikwenda wapi?"

"Papa, usianze na wewe."

"Humo kuna jina la mtoto, Pasta."

"Mtoto alikufa." Alichokonoa jino kwa ukucha, akakagua alichokipata, akakirudisha mdomoni. "Hatalisoma."

Mate yalimjaa Jafar mdomoni, yale ya chumvi yanayotangulia matapishi. Akashika ukingo wa meza.

"Inaweza kufanyika au haiwezi?" Pasta aliuliza.

Ingekuwa rahisi kusema haiwezi. Wateja huamini uongo wowote juu ya kompyuta. Lakini Jafar hakuwahi kuisingizia kazi yake, wala hakuona sababu ya kuanza leo kwa ajili ya mtu huyu.

"Inaweza. Ni kanuni moja. Mimi siiandiki."

"Hakuna shida. Aristide anayo yote, na maelezo umeandika wewe mwenyewe. Jumatatu kinakwenda kupigwa chapa." Akaondoka. Mifupa aliiacha ndani ya gazeti.

Jafar aliitoa nje kwa kuishika pembeni, kama mtu anayetoa panya mfu. Alisugua kioo kwa spiriti. Mafuta hayakutoka, yalihama tu, kutoka kwa Emérence kwenda ubeti wa kwanza, kutoka ubeti wa kwanza kwenda kiitikio. Akasugua tena. Kilichomchefua zaidi ni kwamba Pasta alisema kweli. Kila alichokinyoosha kwa uangalifu, kila maelezo aliyoyaandika ili kazi isiwe uganga, kilikuwa kimemnyooshea mwizi njia.

Ijumaa, Aristide alimtumia kitabu kizima kwenye simu, na ujumbe: Papa, nisamehe, nina familia, angalia kama kurasa ziko sawa. Jafar alikifungua akiwa nyumbani, mkewe Zuleika akigeuza mikate ya gurusa kikaangoni. Alipewa: Pasta Hippolyte. Alipewa: Pasta Hippolyte. Ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu aliyekojoa kwenye kila nguzo ya mtaa. Kisha akafika "Umenipokea Njiani", akausoma mara mbili. Aristide alikuwa amebadilisha kanuni ya jina, akasahau kwamba sifa ina kanuni yake. Ukurasa ulisema: Alipewa Pasta Hippolyte, mama wa Exaucée.

Alimsomea Zuleika. Zuleika alicheka hadi akaweka mwiko chini.

"Baba Jalia, waache! Wakipige chapa hivyohivyo! Wageni wakisoma, huyo mama mwenye ndevu atajificha wapi?"

"Na watu wakicheka, watacheka jina gani?"

Zuleika aliuokota mwiko.

"La mtoto," Jafar alisema. "Kila atakayemcheka Pasta atalitaja. Jina lenyewe lipo mahali pamoja tu duniani, nami niliache liwe mzaha wa steji ya boda?"

Akampigia Aristide palepale, akamwambia kosa liko wapi. Aristide alishukuru sana, akamwita baba yake wa pili. Kabla gurusa hazijapoa, kitabu kikarudi kimesahihishwa. Aristide alikuwa amelimaliza kosa kwa njia iliyokuwa karibu naye: aliifuta kanuni ya sifa. Emérence hakuwapo. Exaucée hakuwapo. Ukurasa ulikuwa safi, umenyooka, hauna kasoro.

Jafar aliisukuma sahani.

"Sasa umewafulia nguo chafu," Zuleika alisema, bila kucheka safari hii. "Na umewapigia pasi. Babu yako alipigana vita vya watu wengine mpaka akapoteza mguu, na jina lake hatujaliona kwenye ukuta wowote wa kumbukumbu. Yuko mzee kama wewe aliyekaa mahali akanyoosha kurasa."

"Nijibu nini?"

"Mimi nakaanga. Wewe ndiye uliyekwenda darasa la jioni."

Jumamosi asubuhi alikuwa chumbani Mengo, kelele za kukatwa vioo zikipita ukutani. Kuwashtaki hakuweza. Yeye ni Mwislamu, mgeni, mtu wa kazi. Akisema "Pasta ni mwizi", Wakongo wote wa Kisugu wangefunga safu kumlinda mtu wao, na hapo wangekuwa na haki. Kuwaambia majina nako kulikuwa upuuzi, maana majina waliyajua kuliko yeye. Walichohitaji ni mtu wa kuwauliza.

Alifungua kihariri, akaanzisha laha mpya ya mtindo kando ya ile ya zamani. Faili la nyimbo hakuligusa. Chanzo kilikuwa kilekile, chenye kila jina na kila sifa. Aliandika kanuni ya kuchukua mstari wa kwanza wa kila wimbo. Alipofika kwenye jina la aliyepewa, alifanya sawasawa na alivyoagizwa na Pasta: aliliondoa. Mahali pake aliiagiza programu iweke maneno manne. Na pale penye sifa ya mama wa mtu, sifa nayo aliiondoa, akaweka swali lake. Alipanga matokeo yatoke kama barua ya kawaida, anwani juu, sahihi chini. Akafuta kitufe cha kugeuzia kwa kitambaa, japo alikuwa amekifuta jana na juzi, akakibonyeza.

Barua ilianza hivi:

Kwa Kusanyiko lote la Kisugu. Salamu nyingi. Mimi ni Jafar Ramathan, niliyepanga kurasa za kitabu chenu. Kitabu kinakwenda kupigwa chapa Jumatatu. Kwa kuwa mimi ni mgeni kwenu, na sikuwapo Mungu alipokuwa akigawa, naomba mnisaidie kuhakikisha kazi yangu. Katibu asome, nanyi mjibu kama mlivyozoea.

Kisha nyimbo zilifuatana. "Tumevuka mto na miguu mikavu." Wimbo huu alipewa nani? "Mkate wangu ni mdogo, wewe ni mkubwa." Wimbo huu alipewa nani? Hakukuwa na lawama humo, wala jina la mtu yeyote zaidi ya lake mwenyewe. Wimbo wa mwisho aliuweka awe "Umenipokea Njiani", kwa kanuni ndogo ya mpangilio iliyompa taabu kuliko zote. Wimbo huu alipewa nani? Na chini yake: Ni mama wa nani?

Akilini alimwona Aristide kesho yake, amesimama mbele na karatasi, akitambua katika swali la kwanza anachosomeshwa, na asiweze kuacha, kwa sababu barua za Kusanyiko husomwa mpaka namba ya simu. Alimwona Pasta kwenye kiti chake cha mbele. Wangejibu? Watu huogopa. Lakini wangeulizwa kwa maneno yale ambayo tangu utotoni ulimi uliyajibu kabla ya akili, na atakayetaka kunyamaza angelazimika kunyamaza mbele ya jirani yake, wimbo baada ya wimbo. Na hata wangenyamaza wote, Mama Emérence, ambaye kwaya ilimfukuza lakini benchi la nyuma halikuweza, alikuwa na sauti.

Hilo halikumpa raha. Alijihisi kama mtu aliyeingiza mkono katika choo cha shimo kuokota kitu cha mwenzake: kitu ni kizuri, lakini mkono ni mkono.

Alipiga chapa kurasa, akazihesabu, akazikunja. Juu ya bahasha aliandika kwa mkono, kwa herufi alizojifunza kabla hajajua mashine: KUSANYIKO. Gundi ilikuwa ya kulamba. Alipoigusa kwa ulimi ilikuwa na ladha ya samaki na kwato. Akalamba ukingo wote, polepole, asiache pengo, akakandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Akatoka mlangoni, akatema mate kwenye mfereji.

Okidi, kijana wa boda aliyeegesha mbele ya duka la vioo, aliipokea na kuigeuza. "Mzee, hii haina jina la mtu. Nimpe nani?"

"Katibu wao, mkononi. Mwambie ni ya Kusanyiko, na mwonyeshe kwamba imefungwa."

"Akiuliza ndani kuna nini?"

"Mwambie maswali tu."

Okidi aliitia kifuani, akavuta zipu ya jaketi mpaka shingoni, akawasha pikipiki, akaanza kushuka kilima cha Mengo kuelekea Kisugu.